Kwa Kaari, Kuhusu Vyungu vya Barazani

Kaari, mwari wakwa, binti yangu,

Kuanzia mjini Maua mpaka Kiambere hakuna mtu anayejua ugonjwa wa jani kunishinda mimi baba yako. Nionyeshe jani lililogeuka rangi, nitakuambia limekunywa nini, limelala wapi na litaanguka lini. Hakuna ua lililowahi kufia mkononi mwangu.

Huo ni uongo. Nimeua maua mengi kuliko mbuzi aliyefungua kamba. Nimeyaua kwa maji, nimeyaua kwa jua, nimeyaua kwa majivu, na moja nililiua kwa kulikalia. Lakini maneno hayo ya juu ndiyo niliyomwambia mchungaji, na kwa kuwa alikuwa ananisikiliza vizuri nikaongeza kwamba binti yangu nimemfundisha kazi hiyo tangu anatambaa. Mchungaji akampelekea habari Bwana Shamba wa Embu, Bwana Shamba akamwambia mkewe, na kesho unapanda lori la misheni ukiwa na pasi inayosema wewe ni mtunza maua. Ua pekee ulilowahi kushika ni la malenge, nalo ulilipika.

Sasa unajua kwa nini naandika badala ya kukaa nawe kando ya moto. Nawasikia huko kwa mama yako mkigombania shuka. Yeye amechukua habari za chumvi, sabuni, sala, na wanaume wa Embu. Amezimaliza zote, mimi sina la kuongeza, isipokuwa kwamba wanaume wa Embu ni kama wa hapa, ila wanacheka polepole. Mimi nimebakiwa na majani. Kukueleza kwa mdomo siwezi, kwa sababu kila nikianza mama yako ananisahihisha, na ubaya wake ni kwamba huwa amesema kweli.

Na kama barua hii itafunguliwa kizuizini barabarani, wewe bwana unayeisoma nakusalimu. Majani ninayoyataja ni majani. Maji ni maji. Hakuna mtu wa msituni humu ndani. Ukitaka kujifunza, endelea.

Mambo yako yamekaa hivi, Kaari, na wewe unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike ili niyaone. Yule memsahib, mke wa Bwana Shamba, ana vyungu barazani, na majani yake yanageuka manjano, mengine kahawia. Amesema atakujaribu mpaka mvua ianze. Vikipona, atakuandika kazi na kipande chako cha utambulisho kitapigwa muhuri wa Embu. Visipopona, utarudishwa hapa kijijini, ndani ya uzio wa miti iliyochongwa, na kesho yake filimbi italia na utarudi handakini pamoja na wanawake wengine kuchimba kando ya msitu. Nimeona mikono yako. Nimesikia kikohozi chako. Sisemi zaidi ya hapo, kwa sababu nikisema nitaanza kuandika kama mchungaji.

Basi, vyungu.

Nilipokuwa bomani Meru nikimfanyia kazi yule bwana mrefu wa serikali, mkewe alitaka maua barazani. Si kwenye madebe, alisema, madebe yanamfanya ajione yuko dukani. Alitaka vyungu vya kienyeji. Wanawake wa Mbeere walikuwa wakivileta sokoni wamevibeba mgongoni, vyungu vyenye tumbo kubwa, vyeusi kwa moshi wa kuchomea. Akanunua, vikapangwa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka ngazini. Mimi nikavijaza udongo wa msituni na kupanda yale aliyonipa: moja lenye majani ya duara linalonuka kama limau iliyosahauliwa mfukoni, mengine yale ya mtoni yenye umbo la mbavu za samaki, na mengine sikuwahi kujua majina yake. Niliyaita kwa majina ya shangazi zangu, kufuatana na tabia.

Kabla sijajaza udongo, memsahib aliniambia, "Toboa chini, maji yapate njia."

Nikasema, "Ndiyo, memsahib."

Sikutoboa.

Wewe umelelewa kwetu, unajua kwa nini. Chungu kizima hakitobolewi. Chungu ni tumbo la nyumba, na mtu anayekitoboa kikiwa kizima anatoboa uzazi wa nyumba yake, na kama yeye ameshazeeka basi wa binti zake. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyosema, na bibi yake alisema hivyo. Mimi unanijua. Nimewacheka waganga mbele yao, nimesinzia kanisani kwenye benchi la mbele, na mzee mmoja wa baraza aliwahi kunitoza mbuzi kwa sababu nilimwigiza anavyotembea, na kumbe alikuwa nyuma yangu. Lakini wewe ulikuwa binti pekee aliyebaki. Nikashika msumari, nikautazama, nikaurudisha kwenye mkebe. Nikajiambia, maji kidogo tu, yatakauka yenyewe.

Mwezi haujaisha, majani ya chini yakaanza manjano. Nikasema, kiu. Mkono wa mtu ukiona jani la manjano unakimbilia kopo la maji hata kabla ya macho kumaliza kutazama. Nikamwaga. Yakazidi. Nikasema, kumbe kiu ilikuwa kubwa. Nikamwaga tena. Nikasema, basi ni njaa, nikaleta majivu ya jikoni, kwa sababu kwetu majivu ni dawa ya kila kitu, ya viroboto, ya migomba na ya mtoto aliyeanguka. Kingo za majani zikawa kahawia, ngumu, zinavunjika kama karatasi iliyopita karibu na moto. Nikasema, ni baridi hii ya Meru, nikayasogeza juani. Yakapata madoa meupe upande wa jua, kisha madoa yakawa kahawia. Kufikia hapo hata mimi sikujua tena yanakufa kwa nini. Nilikuwa nimeyafanya yote kwa pamoja.

Hilo ndilo la kwanza ninalotaka ulishike. Ukibadilisha maji, na udongo, na mahali, yote kwa siku moja, basi ua likipona hujui limeponywa na nini, na likifa hujui umeliua kwa kitu gani. Badilisha jambo moja. Kisha kaa. Kukaa ndiko kugumu, maana memsahib atakuwa mlangoni anakutazama, na mtu anayetazamwa anapenda aonekane ameshika kitu. Shika ufagio.

Turudi Meru. Wakati huo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na yule bwana alirudi kila jioni kichwa kimejaa habari za msituni. Siku moja alisimama barazani, akatazama majani yale, akasema, "Hii ni sumu. Kuna mtu anamwaga kitu."

Na nani anashika maji ya moto, chumvi, na kila kilichomo jikoni? Mpishi. Mpishi alikuwa Njeru, Mwembu, mtu wa maneno. Askari akaja, akamkalisha kwenye ngazi za baraza, akachukua kipande chake akakitia mfukoni. Mtu bila kipande siku zile, kama siku hizi, ni kama kuku nje ya banda jioni. Akaambiwa atakaa hapo bomani mpaka ajulikane alichomwaga.

Jioni ile Njeru akaniita nyuma ya stoo ya kuni.

"Mzee," akasema, "wewe ndiye unayemwagia yale majani maji."

"Ndiyo mimi."

"Basi waambie ni maji."

"Niwaambie ni maji, na mimi ndiye mwenye kopo? Watakurudishia kipande chako wachukue changu."

"Wewe umeshazeeka, kipande unakitumia nini?"

"Kuvuka barabara, kama wewe."

Akacheka. Ndiyo maana nakumbuka, kwamba alicheka. Kisha akasema, bila kucheka, "Mzee, nina watoto upande wa pili wa mto Thuchi. Fanya haraka."

Nilikuwa nimepanga chumba mtaani Majengo, na mama yako alikuwa amekuja na ndizi za kuuza sokoni. Nilimweleza yote huku namenya ndizi zake, jambo ambalo halikumpendeza. Asubuhi akanifuata mpaka bomani, amebeba kikapu, kama mtu anayeuza. Akapita upande wa jikoni, akatoka barazani kabla sijamzuia. Hakutazama jani hata moja. Akainama, akatia mkono chini ya chungu cha kwanza, akajaribu kukiinua.

"Hiki kina mimba ya maji," akasema.

Akachimba udongo kwa kidole, akanusa kidole, akaninusisha na mimi. Kaari, ulinuka kama matope ya zizi baada ya mvua, yale yanayobaki na kiatu chako. Nikajua hapohapo.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

"Chungu kizima hakitobolewi," nikasema.

Akanitazama. Unajua anavyotazama. "Kinapika nini?"

"Hakipiki."

"Kimewahi kupika?"

"Kimetoka sokoni."

"Chungu kisichoingia motoni si chungu cha mtu. Ni udongo wenye umbo. Niletee msumari, wewe mwanamume unayewacheka waganga."

Akakilaza ubavu juu ya gunia, akalowesha chini kwa maji, akaweka ncha ya msumari, akaanza kuzungusha kwa kiganja, polepole, kama anawasha moto wa zamani wa kijiti. Hakugonga. Ukigonga kinapasuka. Udongo ukatoka unga kidogo, kisha maji. Maji meusi, yenye harufu, yakashuka ngazi za baraza, yakapita chini ya miguu ya Njeru aliyekuwa amekalishwa hapo. Memsahib akatokea kwa ile harufu. Akatazama maji, akatazama msumari, akanitazama mimi kama mtu anavyotazama kiti kilichomwangusha.

"Nilikuambia utoboe."

"Nilisahau, memsahib."

"Vyote?"

"Vyote, memsahib. Mimi nikisahau huwa nasahau vizuri."

Kipande cha Njeru kilirudi siku ileile. Mimi sikupewa pole wala adhabu, nilipewa vyungu vilivyobaki nivitoboe, na mama yako akavitoboa vyote, mimi nikishika gunia. Baadhi ya maua yalipona. Mengi hayakupona, mizizi ilikuwa imeshakuwa laini kama viazi vilivyochemka mara mbili, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Mzizi mzima ni mweupe na unakataa kuvutika. Ukikutana na mwingi wa kahawia na laini, kata, na usisikitike mbele ya memsahib.

Hata baada ya hapo chungu kimoja, kile cha karibu na ngazi, kiliendelea kuungua. Chenyewe tu. Upande mmoja tu, na udongo wake juu ulikuwa na ukoko mweupe kama chumvi ya ng'ombe. Nikazunguka chungu kile siku nzima. Kisha nikainama na kunusa, na pua yangu ikaniambia jambo ambalo kichwa kilikataa. Mlinzi wa usiku alikuwa ameamriwa asiondoke barazani hata hatua moja. Na mlinzi ni mtu, na ana kibofu.

Ungefanya nini? Kumshtaki mtu mwenye bunduki kwa ajili ya ua ni kutafuta kusafirishwa mbali. Nikahamisha kile chungu, na mahali pake nikaweka kingine ambacho ndani yake nilipanda thabai, ile mboga yetu inayowasha. Ilikuwa imestawi vizuri, ndefu kiasi cha magoti. Asubuhi mlinzi alitembea kama mtu aliyeazima miguu. Memsahib akauliza hilo ni ua gani. Nikamwambia ni la mlima, maua yake yanakuja baadaye.

Nakuambia hili si kwa kuchekesha tu. Chungu kimoja kikiugua peke yake kati ya wenzake, usitafute ugonjwa wa ua. Tafuta nani anapita hapo. Kama vyote vinaugua, tafuta kitu mnachovipa vyote, mara nyingi ni wewe mwenyewe na kopo lako. Upande mmoja umeungua, tazama upande huo unatazamana na nini: jua la mchana, ukuta wenye joto, dirisha la jikoni lenye mvuke, au askari.

Mengine niliyojifunza baada ya hapo nilijifunza taratibu na kwa hasara ya maua ya watu wengine. Jani moja la chini kabisa, la zamani, likigeuka manjano peke yake na mengine juu yake ni mazuri, liache. Hilo limezeeka. Usimwite daktari kwa sababu mzee amepata mvi. Lakini ya chini yakigeuka mengi kwa pamoja, inua chungu kabla hujafanya lolote. Kizito na udongo unanuka, umezamisha. Chepesi, na udongo umejitenga na ukuta wa chungu ukaacha ufa, hiyo ndiyo kiu ya kweli, na maji ukimwaga juu yatapita kwenye ufa na kutoka chini, utadhani umenywesha kumbe umeosha ukuta. Chukua chungu, kikalishe ndani ya beseni la maji mpaka udongo unyonye wenyewe kutoka chini, kisha kitoe kijichuje. Na kama si kizito wala si chepesi, lakini kila siku kinafifia, kigeuze kichwa chini na kukigonga taratibu, ua litoke na udongo wake. Pengine utakuta mizizi imezunguka na kuzunguka, imekula udongo wote, imebaki kujila yenyewe. Hiyo inataka nyumba kubwa zaidi. Ninaijua hali hiyo. Tangu tuhamishiwe hapa, nyumba zikisimama bega kwa bega, naijua zaidi.

Majani yakiwa na vidoadoa vya manjano vingi, kama yamenyunyiziwa unga, yageuze. Watu hawageuzi majani. Chini yake utaona vidudu vidogo kuliko mbegu ya tumbaku, na utando mwembamba. Osha chini ya majani kwa maji ya sabuni, siku kadhaa, na usimwambie memsahib ni vidudu, mwambie ni vumbi, wasije wakaleta dawa yao inayoua kila kitu.

Na yapo yale machipukizi ya juu yanayotoka manjano lakini mishipa yake inabaki kijani, kama mkono wa mtu mwembamba. Hayo sijui. Kwa uaminifu wote ulio ndani yangu, ambao mama yako atakuambia unatosha kijiko, sijui. Wakati mwingine udongo wa msituni uliooza vizuri uliyasaidia, wakati mwingine haukusaidia. Ukifika huko ukigundua, niambie.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa tangu mwanzo wa ukurasa.

Mchungaji alisema vyungu vya Embu ni vya kienyeji. Vinatoka kwa wanawake walewale wa Mbeere. Nilipomuuliza kama vina tundu chini, alinitazama kama nimemuuliza malaika wana meno mangapi. Kwa hiyo hatujui. Inawezekana memsahib wa huko alisema "toboa" na mtu mwingine kama mimi akasema "ndiyo." Huko nako wako watu wenye bibi.

Mimi nilipotoboa kwa mkono wa mama yako, mama yako alikuwa ameshamaliza habari zake za kuzaa. Wewe hujaanza. Kwa hiyo mchana huu nilimwendea alipokuwa anachambua maharagwe, nikamuuliza: akikuta hakuna tundu, atoboe?

Nilidhani atanijibu kama bomani, kwamba ni udongo wenye umbo. Alichambua. Aliondoa jiwe, akaondoa lingine. Nikaona kwamba jambo alilolisema kwa urahisi juu ya nyumba yake si rahisi kulisema juu yako. Nikataka kufanya mzaha, na unajua mizaha huwa hainikatai, lakini huo ulinikataa.

Baadaye akasema, "Kwanza apitishe kidole chini. Asitoboe kwa hofu."

Nikasema, "Na kama hakuna?"

"Kama hakuna, atoboe."

"Una uhakika?"

"Handaki lile ndilo litakalommaliza tumbo, si msumari. Mwandikie hivyo. Mwandikie nimesema mimi, si wewe, wewe hatakuamini."

Nimekuandikia. Amesema yeye.

Mimi kwa upande wangu sina fatwa ya kutoa. Sijui kama bibi yangu alikuwa na haki. Najua tu kwamba kwa kumwogopa niliua baraza zima la maua na karibu nimpeleke Njeru mahali pabaya, na kwamba hata leo, nikiwa na chungu mkononi, kidole changu kinasita. Kama na chako kitasita, kiache kisite. Kisha fanya ulivyoona. Lowesha chini, weka juu ya gunia, zungusha, usigonge.

Jambo la mwisho ni hilo neno "ndiyo." Nilimwambia memsahib ndiyo kwa jambo ambalo sikukusudia kulifanya, na nikamwambia mchungaji ndiyo kwa jambo ambalo hujui kulifanya. La kwanza liliua maua, la pili limekutoa handakini, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba uongo haufai. Lakini kazi ya kuulipia imekuangukia wewe. Ukifika, memsahib atakupeleka barazani na kukuuliza, "Yanaugua nini?" Usijibu kama mimi. Sema, "Nipe nafasi nitazame kwanza." Neno hilo lina heshima na halina ahadi ndani yake. Kisha inama, inua, nusa, geuza jani. Mtu anayeinama mbele ya chungu anaonekana anajua, hata kama anatafuta tu pa kuanzia. Mimi nilikaa miaka nikiinama hivyo.

Mama yako ameita. Uji umepoa na inaonekana ni kosa langu.

Basi kabla sijafunga, nikukumbushe deni lako dogo kwangu. Juma lile uliposhikwa na homa, mkuu wa kijiji aliposema kila nyumba itoe mtu, homa au si homa, nani alibeba jembe lako? Mzee mzima nilikwenda handakini katikati ya wanawake. Waliniita Nyanya. Walinifundisha wimbo ambao siwezi kuuandika hapa kwa sababu ya yule bwana wa kizuizini. Mgongo wangu haujaniamini tena tangu siku hizo. Wewe ulisema, "Baba, nitakufanyia utakalo." Nilikuwa nasubiri nipate la maana.

Sitaki sukari, wala blanketi, wala tumbaku ya Embu, ingawa sitaikataa. Kila lori la misheni likirudi, mpe dereva jani moja kutoka vyungu vile, ulifunge kwenye kipande cha gazeti. Usiandike kitu, hakuna haja, gazeti na jani vinapita kizuizini bila maswali. Nitalitazama na kulinusa, nitamwonyesha mama yako, tutabishana juu yake mpaka lori lingine. Lori likija mikono mitupu, mama yako hatauliza kitu, na huko kutouliza kwake ndiko sitaki kukaa nako nyumba moja.

Ila usinitumie zuri. Majani mazima yako hapa, msitu mzima, na tumekatazwa kuyagusa. Nitumie bovu.

Ni mimi baba yako,
M'Ikunyua